Katiba ya Yugoslavia ya 1974: huduma ya lugha safi, kufuli bovu

Katika soko la katiba za shirikisho, hii inasifiwa na kulaaniwa kuliko wenzake wengi. Katiba ya Jamhuri ya Kisoshalisti ya Shirikisho la Yugoslavia ilitangazwa tarehe 21 Februari 1974. Ina vifungu 406, ndefu kiasi kwamba hata wanasheria wake waliilalamikia. Fundi wake mkuu alikuwa Edvard Kardelj, Mslovenia aliyesomea ualimu na kuwa mwananadharia wa Josip Broz Tito, mtawala wa nchi, kwa miongo kadhaa. Ilifanya kazi miaka 17, kisha nchi yenyewe ikaisha.

Hapa tunaipima kama mtu anavyopima pampu ya maji: inavuta nini, inafungwaje, inakufia wapi. Na tunaipima kwa niaba ya mteja wa aina moja tu, mtu wa jamii ya wachache: Mwalbania wa Pristina, Mhungaria wa Subotica, Mrusini (si Mrusi, bali mtu wa jamii ndogo ya Kislavoni) wa Ruski Krstur, Mwitaliano wa Koper. Masuala ya viwanda vinavyoendeshwa na wafanyakazi wenyewe, ambayo yanajaza sehemu kubwa ya vifungu hivyo, tutayapita mbiombio.

Kwa asiye na muda: huduma ya lugha ilikuwa ya daraja la juu, hata ukilinganisha na Ulaya Magharibi ya miaka ile. Ulinzi wa huduma hiyo ulikuwa hafifu, kwa sababu haki zilitundikwa kwenye eneo na wala si kwa mtu mwenyewe. Aliyeliteka eneo alizichukua haki pamoja nalo.

Kilichomo ndani ya boksi

Jamhuri 6: Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Masedonia. Majimbo 2 yenye utawala wake, Vojvodina na Kosovo, yote mawili yakiwa ndani ya Serbia lakini yakiwa pia sehemu za shirikisho moja kwa moja. Hapo pa "ndani lakini pia moja kwa moja" pashike, tutaparudia.

Bunge lina mabaraza mawili. Baraza la Shirikisho lina wajumbe 220, yaani 30 kwa kila jamhuri na 20 kwa kila jimbo. Baraza la Jamhuri na Majimbo lina wajumbe 88, 12 kwa kila jamhuri na 8 kwa kila jimbo. Idadi ya watu haina kazi hapa. Montenegro yenye watu wasiofika 600,000 inapeleka 30, na Serbia yenye zaidi ya milioni 5 bila kuhesabu majimbo yake inapeleka 30 vilevile.

Juu yake kuna Urais wa pamoja. Toleo la majaribio la 1971 lilikuwa na viti 23, hili likapunguza hadi 9: mmoja kwa kila jamhuri, mmoja kwa kila jimbo, na mwenyekiti wa chama tawala cha Kikomunisti. Kiti cha mwenyekiti wa Urais ni cha zamu, mwaka mmoja mmoja, kinabadilishwa tarehe 15 Mei. Tito mwenyewe aliwekewa kipengele chake cha kuwa rais bila ukomo wa muda. Alipofariki tarehe 4 Mei 1980, zamu ilikuwa ya Lazar Koliševski wa Masedonia, naye akaikalia siku 11 tu kabla kalenda haijafika 15 Mei na kumkabidhi Cvijetin Mijatović wa Bosnia. Mashine ilifuata saa yake, hata siku ile.

Mengineyo: benki kuu 8 za jamhuri na majimbo, ambazo magavana wake ndio wanaokaa kwenye bodi ya Benki ya Taifa, mahakama na polisi wa kila upande, na Ulinzi wa Kieneo, jeshi la akiba lenye silaha zilizowekwa chini ya jamhuri tangu Wasovyeti walipoingia Czechoslovakia mwaka 1968. Mwaka 1991 jeshi hilo la akiba ndilo lililokuwa msingi wa jeshi la Slovenia dhidi ya jeshi la shirikisho. Mtengenezaji hakukusudia matumizi hayo, ingawa yeyote aliyesoma orodha ya vipuri angeweza kuyaona.

Tusisahau kwamba haikuundwa kwa mkupuo mmoja. Iliunganishwa vipande vipande kwa marekebisho ya 1967, 1968 na 1971 yaliyobandikwa juu ya katiba ya 1963. Aliyefungua mlango ni anguko la Aleksandar Ranković, Julai 1966 kwenye visiwa vya Brijuni. Yeye ndiye aliyekuwa bwana wa usalama wa taifa, na vijana wake walikuwa wameifanya Kosovo kama nyumba inayopekuliwa kila wiki. Katika msimu wa baridi wa 1955 na 1956 walipita vijijini wakidai bunduki, na mwanakijiji asiye nayo alipata kipigo mpaka akanunue ya kusalimisha. Kosovo ya baada ya Ranković ni nchi nyingine kabisa, na katiba hii ni sehemu ya malipo ya deni hilo.

Lebo mbili ambazo mnunuzi lazima azisome

Ndani ya maandishi kuna maneno mawili yanayofanana sana kwa sauti na yanayotofautiana sana kwa thamani: *narod* na *narodnost*. *Narod* ni taifa, na mataifa yalikuwa 6: Waserbia, Wakroatia, Waslovenia, Wamasedonia, Wamontenegro, na Waislamu wa Bosnia, ambao walikubaliwa kuwa taifa kamili mwaka 1968 na kupata sanduku lao kwenye sensa ya 1971. *Narodnost* ni jamii ambayo taifa lake mama liko nje ya mpaka: Waalbania, Wahungaria, Waturuki, Waslovakia, Waromania, Wabulgaria, Waitaliano na wengineo. Neno "kundi la wachache" lilitupwa katika katiba ya 1963 kwa kuwa lilionekana la kudhalilisha. Warusini nao waliwekwa humo. Waroma hawakufikia hata daraja hilo, walibaki "kundi la kikabila", bila kiti chochote.

Tofauti yake ni hii. Narod ina haki ya kujiamulia mambo yake hadi kujitenga, na ina jamhuri. Narodnost ina usawa wa lugha, shule na utamaduni, lakini haiwezi kuwa na jamhuri, kwa hoja kwamba tayari ina dola mahali pengine. Katiba inaita jamhuri "dola" na inaita jimbo "jumuiya ya kijamii na kisiasa". Maneno makavu, lakini Desemba 1991 yalikuja kuwa na uzito wa tani.

Sasa weka hesabu ya sensa ya 1981 mezani. Waslovenia walikuwa 1,753,554. Waalbania walikuwa 1,730,364. Pengo ni watu 23,190, sawa na mji mdogo. Wa kwanza walikuwa na jamhuri, wa pili jimbo. Wamontenegro, 579,023, walikuwa theluthi moja ya Waalbania, nao walikuwa na jamhuri.

Ukitaka kuiona tofauti hiyo bila kufungua kifungu hata kimoja, tazama noti ya dinari 100 ya enzi hizo. Thamani imeandikwa mara nne: *sto dinara* kwa herufi za Kilatini, hayohayo kwa Kisirili, *sto dinarjev* kwa Kislovenia, na *sto dinari* kwa Kimasedonia. Kialbania hakimo. Kihungaria hakimo. Mwalbania alipolipwa mshahara Pristina alihesabu pesa kwa lugha tatu, na yake haikuwa mojawapo.

Huduma ya lugha ikiwa inafanya kazi

Hapa ndipo bidhaa inapong'aa, na haki yake isifichwe. Kifungu cha 170 kinamhakikishia mtu uhuru wa kusema yeye ni wa taifa gani, na uhuru wa kukataa kusema. Kifungu cha 171 kinampa mtu wa narodnost haki ya kutumia lugha na maandishi yake mbele ya vyombo vya dola. Kifungu cha 246 kinaweka lugha zote kwenye usawa. Sheria za shirikisho zilitolewa kwenye gazeti rasmi si kwa lugha za mataifa tu, bali pia kwa Kialbania na Kihungaria, na matoleo hayo yalikuwa matini halali, siyo tafsiri ya hisani.

Huduma yenyewe ilishuka kwa ngazi: katiba ya shirikisho, katiba ya jamhuri au jimbo, kisha katiba ndogo ya wilaya, ambayo ndiyo iliyotaja lugha zipi zinatumika pale kwenye dirisha la ofisi. Kwa hiyo mteja mjanja hakuanzia juu. Alianzia chini kwenye karatasi ya wilaya, kwa sababu lugha isiyotajwa pale ilibaki kuwa shairi zuri la Belgrade, mji mkuu.

Vojvodina ndiyo duka la maonyesho. Lugha rasmi zilikuwa 5: Kiserbokroatia, Kihungaria, Kislovakia, Kiromania na Kirusini. Bungeni Novi Sad kulikuwa na wakalimani. Redio Novi Sad ilirusha matangazo kwa lugha zote tano. Magazeti yalikuwepo: *Magyar Szó* kwa Kihungaria, *Hlas Ľudu* kwa Kislovakia, *Libertatea* kwa Kiromania, *Ruske slovo* kwa Kirusini. Warusini nchi nzima walikuwa kama 23,000, wasiojaza uwanja wa mpira wa wastani, lakini walikuwa na gazeti, kipindi cha redio na shule ya sekondari huko Ruski Krstur. Ukienda ng'ambo ya mpaka kwenye Ukraine ya Kisovyeti, ndugu zao haohao walikuwa wameandikwa Waukraine, na mjadala ukafungwa.

Slovenia ilitoa mifano miwili tofauti ndani ya jamhuri moja, na tofauti hiyo inamfaa sana anayepanga shule. Prekmurje, kwa Wahungaria, tangu 1959 shule ni za lugha mbili kwa watoto wote: Mslovenia na Mhungaria wanakaa dawati moja na wote wanasoma kwa lugha zote mbili. Pwani ya Koper, kwa Waitaliano, shule ni tofauti: ya Kiitaliano kwa Waitaliano, na wale wa shule ya Kislovenia wanajifunza Kiitaliano kama somo. Mfano wa kwanza unawalazimisha wengi kubeba nao mzigo. Wa pili unailinda lugha vizuri zaidi ndani ya kuta zake, ila hutegemea kuwepo kwa watoto wa kutosha kujaza darasa. Koper ilikuwa pia na televisheni kwa Kiitaliano tangu 1971, na watazamaji wengi walikuwa Italia kwenyewe.

Kasoro za kawaida za huduma hii ni tatu. Moja ni jeshi. Katiba inaruhusu lugha mojawapo ya mataifa itumike katika amri na mafunzo, na kwa vitendo hiyo ilikuwa Kiserbokroatia, basi. Kijana wa Kialbania aliyesoma darasa la kwanza hadi la mwisho kwa lugha yake alikutana na amri za lugha nyingine akiwa na bunduki mkononi. Pili ni ngazi ya elimu kukatika juu: Mhungaria alianza kwa lugha yake, akafika sekondari, halafu uhandisi au udaktari ukamtaka abadilishe lugha. Tatu ni upangaji wa nafasi kwa uwiano wa makabila, uliojulikana kwa neno *ključ*, yaani ufunguo. Ulimhakikishia mtu wa jamii ndogo kiti, na ukamwachia lawama kwamba alikipata kwa ufunguo. Mwaka 1986 Sinan Hasani, Mwalbania wa Kosovo, alikuwa mwenyekiti wa Urais wa nchi nzima. Ni nchi chache za Ulaya za wakati ule zilizoweza kuonyesha kitu kama hicho.

Kosovo: pale ngazi ilipofika juu ikakosa sakafu

Kosovo ilipata kilichokosekana Vojvodina: ngazi nzima, toka chekechea hadi chuo kikuu. Waalbania waliandamana Pristina tarehe 27 Novemba 1968. Mwaka uleule jina la jimbo likafupishwa kutoka "Kosovo na Metohija" kuwa Kosovo, bendera ya tai ya Waalbania ikaruhusiwa, na Chuo Kikuu cha Pristina kikafunguliwa mwanzoni mwa 1970, kikifundisha kwa Kialbania na Kiserbokroatia. Vitabu na walimu vililetwa kutoka Tirana, mji mkuu wa Albania, kwa kuwa vya hapa havikutosha. Wasomi wa Pristina walikuwa wamekwisha kukubali mwaka 1968 kufuata Kialbania sanifu kimoja pamoja na Tirana, wakaacha kujitungia chao. Kwa mwalimu wa lugha huo ni ushindi. Kwa afisa wa Belgrade ilikuwa sababu ya kukosa usingizi.

Kilichoharibika ni ajira. Chuo kilizalisha wahitimu wa Kialbania kwa wingi kuliko jimbo lilivyoweza kuwaajiri, na shahada hiyo haikuuzika Zagreb wala Ljubljana, kulikotakiwa lugha nyingine. Fedha za shirikisho zilikuwepo: tangu 1965 kulikuwa na Mfuko wa kuendeleza jamhuri na majimbo yaliyo nyuma, uliochukua chini kidogo ya asilimia 2 ya pato la jamii, na Kosovo ilipewa fungu nono. Zilikwenda kwenye migodi na umeme, miradi inayomeza mitaji na kuajiri watu wachache, ikiuza bidhaa kwa bei zilizobanwa kwa faida ya viwanda vya kaskazini. Kwa hiyo Slovenia, iliyokuwa ikiizidi Kosovo kwa pato la kila mtu takriban mara 4 miaka ya 1950, ilikuwa ikiizidi zaidi ya mara 6 miaka ya 1980. Mslovenia aliona pesa zake zinamwagwa kwenye mchanga, Mwalbania aliona madini yake yanaondoka. Wote walikuwa na hesabu za kuonyesha.

Tarehe 11 Machi 1981 wanafunzi waliingia barabarani kuanzia kantini ya chuo, kwa chakula kibovu na foleni. Mwisho wa mwezi na siku za kwanza za Aprili dai lilikuwa limekwisha kuwa "Jamhuri ya Kosovo", na vifaru viliingia. Angalia dai lenyewe: hawakuomba lugha, walikuwa nayo. Waliomba kubadilishiwa lebo, kutoka jumuiya kuwa dola. Kwa anayejua maneno mawili ya hapo juu, hilo ndilo dai la busara kabisa, kwa sababu jimbo lilipewa karibu kila kitu cha jamhuri isipokuwa dhamana.

Kufuli na namna lilivyofunguliwa bila kuvunjwa

Tuje kwenye kasoro kubwa. Ulinzi wa sehemu ndogo ulijengwa kwa muafaka. Mambo ya uchumi yanayogusa wote, kama mpango wa maendeleo, fedha za kigeni na Mfuko, yalihitaji ridhaa ya mabunge ya jamhuri na majimbo yote. Kubadilisha katiba kulihitaji idhini ya zote 8. Kwenye karatasi, hakuna mkubwa anayeweza kummeza mdogo.

Gharama yake ya kila siku ilikuwa ucheleweshaji. Deni la nje lilifika kama dola bilioni 20 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila hatua ya kulipunguza ilizungushwa miji mikuu minane. Marekebisho ya 1988 yalichukua karibu miaka 2 kupita. Tatizo hilo lilivumilika.

Malalamiko mazito zaidi yalitoka Serbia, na msomaji wa Tanzania aliyefuatilia Bunge Maalum la Katiba la 2014 hatahitaji kamusi. Wajumbe wa Vojvodina na Kosovo waliketi katika bunge la Serbia na kupigia kura mambo ya Serbia yasiyowahusu wao, huku Serbia ikiwa haiwezi kugusa ya kwao bila ridhaa yao. "Serbia bila majimbo" haikuwa na bunge lake. Ni swali lilelile la Tanganyika iko wapi, ila kwa Kisirili. Mwaka 1977 uongozi wa Serbia uliandika malalamiko hayo katika waraka wa ndani uliojulikana kama Kitabu cha Buluu, na wakubwa wa chama wakaufungia kabatini. Malalamiko yenyewe yalikuwa na msingi wa kiufundi. Kuyafungia kabatini kulimwachia wa kuyatoa baadaye kwa mtindo wake.

Slobodan Milošević, kiongozi wa chama huko Serbia, hakuhitaji kulivunja kufuli. Aligundua kwamba kura ni mali ya kiti, kiti ni mali ya bunge la jimbo, na bunge la jimbo liko kwenye jengo lenye barabara mbele yake. Hatua zilifuatana hivi. Tarehe 5 na 6 Oktoba 1988, umati uliobebwa kwa mabasi ulizingira bunge la Novi Sad na kulirushia pakiti za mtindi. Uongozi wa Vojvodina ukajiuzulu, na watu wakayaita mapinduzi ya mtindi. Januari 1989 ikafuata Montenegro. Februari wachimbaji wa Trepča huko Kosovo walikaa chini ya ardhi siku 8 wakipinga. Tarehe 23 Machi bunge la Kosovo lilikaa na magari ya deraya nje ya jengo, likapitisha kupunguzwa kwa mamlaka yake lenyewe, na waliothubutu kupinga walihesabika. Tarehe 28 Machi Serbia ikatangaza marekebisho.

Sasa linganisha na kitabu cha maelekezo: ridhaa ya jimbo ilitakiwa, na ridhaa ilipatikana. Kila fomu ilijazwa. Ndiyo maana tunasema kufuli lilikuwa bovu kwa ubunifu, wala si kwa uzembe wa mtumiaji. Ridhaa ya bunge la eneo ilihesabiwa kuwa ridhaa ya jamii inayokaa pale, na hakukuwa na kifungu kilichouliza ridhaa hiyo imepatikanaje.

Fyuzi ambayo ingekatika hapo ni mahakama, nayo ilifungwa waya usiofika. Mahakama ya Katiba ya Shirikisho iliweza kufuta sheria, lakini katiba ya jamhuri ikigongana na ya shirikisho, mahakama ilitoa maoni tu kwa Bunge. Bunge lilikuwa la haohao wanane.

Kilichofuata ni kichekesho cha kusikitisha. Katiba mpya ya Serbia ya Septemba 1990 iliyaondolea majimbo mamlaka karibu yote, lakini viti vyao kwenye Urais wa shirikisho vikaachwa, kwa kuwa viti hivyo sasa vilikuwa vinapigia kura Belgrade. Serbia, Montenegro, Vojvodina na Kosovo: kura 4 kati ya 8, kwa kuwa kiti cha tisa, cha chama, kilikuwa kimekwisha kufutwa. Kinga ya wachache ikawa silaha ya mkubwa. Machi 1991 jeshi lilipoomba hali ya hatari, kura ya tano ilitarajiwa kwa Bogić Bogićević, Mserbia wa Bosnia, naye akakataa. Mei 15, zamu ilipofika kwa Stipe Mesić wa Kroatia, alipata kura 4 na alihitaji 5. Saa iliyokuwa imefanya kazi bila kukosa hata siku alipokufa Tito, ilisimama hapo.

Huenda Kardelj angejibu kwamba kulikuwa na spea ya ziada isiyoandikwa kwenye orodha: chama. Ni kweli. Mabunge manane yakibishana, wakubwa wa chama kimoja walimaliza ugomvi mezani, na wakishindwa, Tito aliwafukuza, kama alivyowafanyia viongozi wa Kroatia Desemba 1971 kule Karađorđevo na wa Serbia mwaka uliofuata. Lakini chama nacho kilikuwa kimegawanywa nane kwa kipimo kilekile. Tarehe 22 Januari 1990 Waslovenia walitoka ukumbini kwenye mkutano mkuu wa 14, na spea ikawa imeisha.

Huduma baada ya mauzo

Tume ya majaji ya Jumuiya ya Ulaya chini ya Robert Badinter ilisema mwishoni mwa 1991 kwamba shirikisho liko katika kuvunjika, na Januari 1992 kwamba mipaka ya ndani inakuwa mipaka ya kimataifa, ikitaja pia kifungu cha 5 cha katiba hii kinachozuia mipaka kubadilishwa bila ridhaa. Waliokuwa na lebo ya dola walitoka na nchi. Waalbania wa Kosovo nao walipeleka maombi ya kutambuliwa Desemba 1991, na yakawekwa kando.

Na waliokuwa narod lakini nje ya jamhuri yao? Waserbia wa Kroatia walitajwa katika katiba ya Kroatia ya 1974 kama taifa lenye kuunda jamhuri hiyo. Katiba ya Desemba 1990 iliwahamishia upande wa wachache kwa sentensi moja. Masedonia ilifanya kama hivyo mwaka 1989: maandishi ya awali yalisema jamhuri ni dola ya Wamasedonia na ya narodnost za Kialbania na Kituruki, mapya yakasema ni dola ya taifa la Kimasedonia. Huduma iliyotolewa kwa sentensi iliondolewa kwa sentensi.

Kosovo ilipoteza vingi zaidi. Wajumbe wa Kialbania walitangaza jamhuri tarehe 2 Julai 1990 wakiwa nje ya jengo lao lililofungwa, bunge likavunjwa siku 3 baadaye, gazeti la *Rilindja* likapigwa marufuku Agosti, na elimu ya Kialbania ikahamia majumbani.

Anayetaka kuona kipande kinachozunguka bado, aende Novi Sad. Vojvodina leo inatumia lugha 6 rasmi, zile tano na Kikroatia, ambacho kwa Kardelj kilihesabiwa ndani ya Kiserbokroatia. Na Ruski Krstur bado wanasoma sekondari kwa Kirusini.